Ongeza Miezi Tisa

Daktari mgeni, aliyefika zahanati ya Junda bila Kiswahili hata cha salamu, aliuliza kwa Kiingereza: "coitus" ya mwisho ilikuwa lini?

Wardah alikuwa mwalimu, lakini neno hilo hakuwahi kulisikia. Alikuja kumtafsiria mamake, aliyekuwa akitokwa na damu ilhali hedhi ilikoma miaka kumi nyuma. Daktari akalieleza kwa neno jepesi zaidi. Wardah akahisi masikio yanawaka moto.

"Asemaje?" mama akauliza.

"Anauliza, Mama... wewe na Baba. Mara ya mwisho kukutana kimwili ilikuwa lini."

Mama akautazama mkono wake. Hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu. Akaanza kuikwangua ya kidole gumba, taratibu.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Mama, daktari angoja."

"Nakuuliza."

"Thelathini na mmoja."

"Basi ongeza miezi tisa, umwambie."

Wardah alitaka kusema mwezi uliopita, amsitiri babake. Mama akamgusa goti.

"Usimdanganye, mwanangu. Mwenye kuumwa ni mimi."

Wardah akamwambia daktari hesabu yote kwa Kiingereza. Daktari akainua kalamu, akadhani hakusikia vyema, akamwomba arudie.

Mlango ulikuwa wazi, na Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la nje.

Wardah akarudia, safari hii kwa Kiswahili.