Ua Lililofichwa Bawani

Wewe ukikosa, husema lini: kungali na faida, au maiti akishazikwa?

Katika kinamasi kimoja cha Australia huota kimmea kifupi chenye ua dogo la zambarau. Kiangazi kikikaza, wanyama huchimba pale kinapochanua, maana mzizi wake hauachani na maji, na bila ua hakitambuliki kati ya majani. Kwa hiyo ni mwiko kulichuma ua lile.

Mwaka huo lilibaki dimbwi dogo kama sahani, na ndani yake viluwiluwi wa Chura wakitweta. Kangaruu, mchimbaji, alizunguka kinamasi kizima asione ua hata moja. Bata Maji, mpenda makuu, akaitisha mkutano, akaketi mahali palipoinuka na kuanza kuhutubia.

"Ndugu zangu, aliyechuma ua ni muuaji! Tuunde kamati imsake!"

"Mheshimiwa, kamati ya nini?" Chura akamkatiza. "Mimi hata jina lake silitaki. Aseme tu alilichuma wapi, Kangaruu achimbe. Wanangu wanakauka!"

"Taratibu, mama. Mambo yana utaratibu wake."

Akahutubia mpaka dimbwi likawa tope, na tope likapasuka. Chura hakuwa tena na wa kumwombea.

Hapo Bata Maji akapunga bawa kuomba makofi, na ua la zambarau likadondoka, limenyauka. Hakuna aliyepiga kofi.

"Wapi?" Kangaruu akauliza.

Bata Maji akainamisha shingo yake ndefu.

"Nililichuma mimi, nijipambe," akasema. "Lilikuwa hapa hapa nilipokalia."