Mjomba Chini ya Kitanda

Hilario alikuwa chini ya kitanda kwa mara ya nne mwaka ule, buti zake amezikumbatia kifuani, kwa sababu Bi Rentería wa shule ya awali alikuwa amekuja tena kuwatembelea. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati. Kutoka kitandani hadi mezani ni hatua tano.

Ilikuwa akili yake mwenyewe, na aliionea fahari. Shule ile ilipokea watoto wa vibarua wa mashamba ya tufaha, lakini wale maskini kabisa. Mshahara wake ukijumlishwa na wa Otilia, mkewe, binti yao Nayeli alikosa nafasi, na mtoto wa miaka miwili angeshinda ndani ya gari kando ya shamba akilia. Basi Hilario akamwambia Otilia aandike kwamba mume kamkimbia. Otilia alikataa wiki nzima, mwisho akaandika.

Tangu hapo Hilario aliishi kwake kama mwizi. Alitoka kwenda shambani kabla jua halijachomoza na nguo zake zilianikwa bafuni. Kanisani alikaa benchi la nyuma, peke yake. Alimfundisha Nayeli amwite mjomba, na kila alipokosea alimkaripia, hadi neno likamkaa mtoto mdomoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Hilario ilikuwa imefika mwaka wa pili, naye alikuwa ameichoka kupita kiasi.

Nje shoka lilikuwa likipasua kuni. Huyo ni Gaudencio, dereva wa trekta, aliyempeleka Nayeli kliniki masikio yalipomuuma. Hilario alimshukuru Mungu kwa jirani wa namna hiyo.

Bi Rentería alisifu kahawa ya mdalasini, akauliza habari za nyumbani Oaxaca, kisha akaweka kikombe chini.

"Dada, sheria imebadilika. Kipato hatukiulizi tena, hata mngekuwa na ng'ombe mia."

Otilia akauliza kama hayo ndiyo yote.

"Siyo yote. Lazima mtu mmoja humu ndani awe anaishi kwa kazi ya shamba. Wewe tangu uhamie kufua mashuka hotelini, humo tena katika hesabu. Nisipoandika jina leo, Jumatatu Nayeli hana nafasi."

Hilario nusura acheke. Miaka miwili ya kumeza vumbi, na yote yameisha kwa sentensi moja! Angetoka, angeomba radhi, angesemwa kidogo, halafu angekuwa mtu tena. Jumatatu angempeleka binti yake shuleni, amemshika mkono, mchana kweupe. Akaanza kuzisukuma buti polepole kuelekea nje, akingoja mkewe amfungulie njia.

Bi Rentería akashusha sauti. "Nami si kipofu, bibie. Suruali ya kiume nimeiona kwenye kamba hapo nje. Kama yupo mwanamume, sema tu. Hakuna wa kukulaumu."

Hilario aliviona visigino vya Otilia vikigeuka kuelekea kitandani, vikasimama, kisha vikageuka tena.

"Yupo," akasema. "Shambani yuko kila siku, hakosi."

"Basi aje atie sahihi."

Mkono wa Hilario ulikuwa umeshatokeza chini ya shuka.

"Nayeli," Otilia akasema, "acha hiyo michoro, kamwite."

Kiti kikasogea. Hilario akaingoja miguu midogo imjie. Ikampita. Mlango ukafunguliwa, na nje shoka likanyamaza.

"Baba," mtoto akaita, "mama anakuita utie sahihi."