Tusimame Wote

Damari akishika maikrofoni kuomba kanisani, watu wanalia mpaka basi. Kumbe mwenyewe ana kiu ya Mungu, jamani, kiu kwelikweli!

Leo anakoroga uji peke yake, akasema ngoja nimtafute hapahapa. Akafumba macho.

"Bwana Yesu asifiweee! Tusimame wote!"

Wifi yake akaangua kicheko dirishani. "Unamsimamisha nani, wifi? Masufuria?"

Damari akafumbua macho. Mwiko uko mdomoni kama maikrofoni! Akacheka naye. Akauweka mwiko chini, akapiga magoti. Mikono hakujua aipeleke wapi.

"Baba," akanong'ona, "ni mimi, Damari."

Maneno yakaishia hapo. Uji ukaanza kufurika, wifi akaita, akaita tena. Damari hakuinuka, viganja wazi.