Fundo la Tai

Tai ilikuwa moja, wenyewe wanne. Waliinunua walipokaa chumba kimoja chuoni, na miaka minne tangu wahitimu ilikuwa ikitumwa kwa basi kwa yeyote aliyeitwa kwenye usaili. Haikufunguliwa kamwe. Kila mmoja aliilegeza, akaivulia kichwani, akaituma na fundo lake. Watatu walishapata kazi. Alibaki Lusajo.

Asubuhi hiyo, kwenye benchi nje ya ofisi, aliivuta kidogo ikae sawa. Fundo likafunguka lote, tai ikamwangukia magotini. Akampigia simu Mbaruku, mmoja wa wale watatu, aliyeileta tai chumbani na fundo lile siku ya kwanza.

"Nimeharibu! Nielekeze upesi, linafungwaje?"

Mbaruku akacheka. "Unaniuliza mimi? Alinifungia mwenye duka. Sijui mpaka leo."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Mlikuwa mnaliamini mno, ningeanzaje? Wewe funga unavyojua, bwana, uingie."

Lusajo akazungusha, akapitisha, akakaza. Likatokea fundo nene, limeinama upande kama mtu anayetega sikio. Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa. Alisimama, mkono ukapanda shingoni kulinyoosha, halafu akaushusha.

"Nipo," alisema.