Fundo la Kanga

Daktari aliuliza tena, "Bibi amekunywa dawa gani?"

Bi Rukia, aliyetapika damu alfajiri, alijibu kwa sauti ndogo, "Sijanywa kitu, mwanangu. Ni pilipili za jana tu."

Zamda, mke wa mwanawe, aliinamisha kichwa. Vidonge vikali vya maumivu ya mgongo aliandikiwa yeye. Mama mkwe alipolalamikia shingo, alimgawia kama mtu anavyomgawia jirani chumvi, akasahau kwamba mama huyo ana vidonda vya tumbo. Maumivu yalipokataa kupoa, akamwongezea vingine.

"Mkwe wangu ananitunza," Bi Rukia alimwambia daktari, akimtazama Zamda.

Vidonge vilivyobaki vilikuwa kwenye pindo la kanga ya Zamda. Alilishika fundo, lilikuwa limekaza. Akalipeleka mdomoni, akaanza kulifungua kwa meno mbele ya daktari.