Kitanda cha Mama

Miaka ile, mwenye mgogoro wa mkataba alichagua mlango mmoja kati ya miwili. Mahakama ndogo ilihukumu asubuhi moja, lakini walioshtakiana hawakuruhusiwa kusemezana tena maishani. Kwa msuluhishi walitoka wamepatana, kwa kuwa mashine yake ilifuta vichwani mwao kila kitu tangu siku waliyotia saini.

Fundi Hemedi alikuwa amemwahidi jirani yake Mwanamvua, kwa mkataba, kitanda ndani ya wiki mbili, ili mama yake mgonjwa aache kulala chini. Kilifika baada ya wiki sita, siku ya tatu baada ya mazishi.

"Nenda mahakamani, dada," Hemedi alimsihi. "Kosa ni langu. Usizipoteze siku za mwisho za mama."

Mwanamvua alimtazama. Walikuwa wamekua pamoja, na nyumba zao zilishiriki ukuta mmoja.

"Na wewe nikupoteze pia?" akasema, akampeleka kwa msuluhishi.

Siku iliyofuata shangazi yake alimweleza kwamba mama amefariki, naye Mwanamvua akalia upya. Hemedi alibisha hodi akiwa na sahani ya mihogo, wakaketi pamoja kwenye kitanda ambacho hakuna aliyekitambua.

"Hemedi, mama alisema nini mwishoni?"

Hemedi akajaribu kukumbuka, akashindwa.

"Sijui, dada," akasema, akimshika mkono. "Ila wewe nakujua. Hukumwacha peke yake."