Vijiti Vinne

Sinia lilitolewa katika tanuri la kuchomea maiti likiwa bado na joto, na juu yake palikuwa na mifupa ya baba yao. Kwa desturi ya Kijapani, ndugu wawili huinua kila mfupa pamoja, kwa vijiti virefu, na kuutia chunguni.

Renjiro alishika vijiti vyake. Mji mzima ulimjua kwa uwezo wake wa kujigeuza: aligeuka maji akazima moto wa sokoni, akageuka jiwe akazuia daraja lisianguke. Siku baba alipokata roho, yeye alikuwa chini ya daraja hilo, amelibeba. Chizuru, mdogo wake wa kike, ndiye aliyemfumba mzee macho.

Sasa Renjiro alinyoosha vijiti kwenye sinia. Vidole vikaanza kugeuka kijivu na kukakamaa.

"Usigeuke jiwe, kaka," Chizuru alisema bila kumtazama. "Jiwe umeshawapa watu wa mji. Mimi nipe mkono wako."

"Nisipokuwa jiwe, mfupa utaanguka."

"Basi uanguke tukiwa wawili."

Kijivu kikamtoka vidoleni. Wakauinua mfupa mdogo wa shingo, ukawa unatikisika baina yao. Tone moja la maji likadondoka majivuni. Chizuru akainua macho haraka, asijue kama kaka yake analia au ameshaanza kugeuka maji.